Wizara ya Ukunjufu

Ipo nchi moja ambayo jina lake hatulitaji, si kwa woga, bali kwa kuwa kulitaja kunalipiwa ada. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina ziwa, ina uwanja wa ndege wenye ndege moja, na watu wake ni Wakristo, kwa sababu serikali iliwahesabu ikaona iwe hivyo.

Katika nchi hiyo fungu la kumi lilikuwa sheria. Lilikusanywa na Wizara ya Ghala, na Wizara ya Ghala haikuwa na upendeleo. Aliyevuna magunia alitoa gunia. Aliyefuga kuku alitoa kuku. Aliyeezeka nyumba kwa bati kumi alipandiwa juu akang'olewa moja, ndiyo maana nyumba za nchi ile zilivuja zote mahali pamoja, na wenyeji walipajua, wakaweka ndoo. Mwalimu mmoja aliyejaliwa watoto wengi alihamia nchi jirani mkewe alipopata mimba ya kumi. Hakuna aliyemlaumu.

Nakiete alikuwa dobi. Alifua majoho ya kwaya na kanzu za wachungaji, akazipiga pasi ya mkaa mpaka zikasimama zenyewe. Mumewe, Sangiwa, alimsaidia kuchota maji, kukamua mashuka mazito, na kuimba. Aliimba vibaya. Waliishi miaka mingi hivyo, bila kuambiana maneno makubwa, huku wakikamua mashuka, mmoja akizungusha kulia na mwenzake kushoto.

Kisha Sangiwa akaugua tumbo. Zahanati ilimpa dawa ya siku kumi, ikaondoa ya siku moja kwa ajili ya Ghala. Akafa. Labda ile siku moja isingesaidia kitu. Nakiete hakuwahi kusema kwamba ingesaidia.

Msibani hakulia. Si kwamba alijizuia. Alikaa kwenye mkeka, watu wakaja, wakalia kwa niaba yake, wakanywa chai, wakaondoka. Uso wake ulikuwa umetulia kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Akipewa chakula alikula. Akiulizwa anajisikiaje, alijibu, "Nipo."

Matanga hayajaisha vizuri, akaja Bwana Chediel.

Bwana Chediel alikuwa mtoza zaka wa mtaa ule, mtu mnene mwenye adabu, aliyevaa kofia yenye picha ya ghala. Alitoa pole kwa maneno yaliyopitishwa na Wizara, akavua viatu, akaketi. Kisha akaomba aonyeshwe rambirambi. Akatoa fungu la kumi la fedha. Akapima sukari iliyoletwa na majirani, akachota yake kwa kijiko. Kwenye majani ya chai alikaa muda mrefu, kwa kuwa hakutaka kumdhulumu mtu.

"Na waliolala hapa kukuliwaza, mama, walikuwa wangapi?"

"Sikuwahesabu."

"Basi nitakadiria," alisema Bwana Chediel. "Mmoja wao tutamhitaji Ijumaa, kufagia ofisi."

Nakiete alimtazama akifunga kifuko chake. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia kama duka limeshafunguliwa:

"Baba, hivi sisi Wakristo wa siku hizi, tunalazimika?"

"Tunalazimika nini?"

"Kutoa fungu la kumi."

Bwana Chediel alikiweka kifuko chini. Alikuwa amesomea kuhesabu, kubeba na kutoa risiti. Hili hakulisomea. Alimtazama yule mjane aone kama anakejeli, lakini uso wa mjane haukuwa na kejeli. Haukuwa na chochote.

"Ngoja nimwulize mkubwa wangu," alisema, akasahau hata kuvaa viatu vizuri.

*

Mkubwa wake hakujua. Mkubwa wa mkubwa wake alisema swali ni zuri, akalipeleka juu. Likapanda, likapanda, likafika Ikulu. Mkuu wa Nchi alikuwa hajaulizwa swali tangu aapishwe, akalipenda. Akaunda Tume ya Kulazimika.

Tume ilikaa hotelini kando ya ziwa. Posho za wajumbe zilitoka kwenye fungu la kumi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka.

Profesa mmoja alisimama akasema kwamba Ibrahimu alitoa sehemu ya kumi kabla hata sheria haijaandikwa. Basi na sisi tunalazimika. Mwingine akamjibu kwamba Ibrahimu alitoa mara moja tu, tena alitoa nyara za vita. Anayetaka kumfuata Ibrahimu na aanze kwa kwenda vitani. Mjumbe wa jeshi akasema hilo linawezekana, wamwambie tu ni nchi gani. Wa tatu akakumbusha kwamba Walawi walilishwa na wenzao kwa sababu hawakugawiwa ardhi, akauliza kwa unyenyekevu kama viongozi wa Ghala nao hawana ardhi. Hapo mwenyekiti alitangaza mapumziko ya chai, na mapumziko yale yaliendelea mpaka wiki iliyofuata.

Mwishowe shemasi mmoja mzee, aliyekuwa amewekwa kwenye Tume ili kufungua na kufunga kwa sala, aliomba kusema. Akasema yuko mtume aliyewaandikia Wakristo kwamba kila mmoja atoe kama alivyokusudia moyoni, asitoe kwa kinyongo wala kwa kulazimishwa, kwa sababu Mungu anampenda mtu anayetoa kwa ukunjufu.



"Hayo maneno," aliuliza mwenyekiti, "yamekuwepo siku zote?"

"Siku zote, mheshimiwa."

"Na hakuna aliyetuarifu?"

Taarifa ya Tume ilikuwa fupi: Mkristo wa leo halazimiki kutoa fungu la kumi. Redio ilitangaza, watu wakacheza ngoma barabarani. Nakiete alikuwa uani anakamua shuka peke yake, ncha moja ameifunga kwenye nguzo. Jirani yake Nambua aliingia mbio, kanga inamvuka.

"Shoga yangu! Umetukomboa!"

"Nimefanya nini?"

"Swali lako! Hatulazimiki tena!"

Nakiete alizungusha shuka mpaka maji yakaacha kudondoka. "Haya," alisema. "Nishikie hapa."

*

Wiki moja baadaye Wizara ya Ghala ilivunjwa, na mahali pake ikaundwa Wizara ya Ukunjufu. Jengo lilikuwa lile lile na viti vile vile. Waziri naye alikuwa yule yule, Mheshimiwa Askofu Profesa Kanali Mstaafu Zefania Kilimba. Alihutubia taifa akiwa amesimama kwenye ngazi za jengo, nyuma yake fundi akiwa bado anapaka rangi kibao.

"Ndugu wananchi," alisema, "lazima imekufa! Kuanzia leo kila mtu atatoa kwa hiari yake, na asiyetoa kwa hiari yake atachukuliwa hatua. Kiwango ni kile ulichokusudia moyoni. Na ili kuwapunguzia wananchi usumbufu wa kukusudia, Wizara imekusudia kwa niaba yenu. Imekusudia sehemu ya tano."

Watu walipiga makofi, wengine wakaanza kugawa kwa vidole.

"Lakini kiasi si kitu!" aliendelea Waziri. "Kitu ni uso! Serikali hii haitapokea hata senti moja kutoka kwa mtu aliyenuna. Mungu hampendi, na sisi ni nani tumpende?"

Jambo hili lingempita Nakiete kama yalivyompita mengine, ila kulikuwa na suala la kaburi.

Katika nchi ile kaburi jipya huwa la muda. Mjane hupeleka sadaka ya shukrani wizarani, na ikipokewa hupewa kibali cha kusimika msalaba wenye jina. Mvua za masika zikianza kabla ya kibali, kaburi husawazishwa na mahali pale hupewa mwingine, kwa sababu ardhi ya makaburi ni ya Wizara, na Wizara haipendi ardhi ikae bure.

Nakiete alifunga fedha zake kwenye pindo la kanga akaenda.

Dirishani alimkuta Bwana Chediel. Sasa alikuwa Mkaguzi wa Ukunjufu, na kofia yake ilikuwa na picha ya jua linalocheka. Chini ya jua, ukitazama vizuri, uliona bado paa la ghala.

"Karibu, mama," alisema. "Tabasamu."

Nakiete alisukuma fedha chini ya wavu. Bwana Chediel hakuzigusa. Alitoa rula ya mbao, akainama dirishani, akampima mdomo kutoka pembe hadi pembe. Akapima tena. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Fedha ni halali, mama. Uso ndio haujatimia."

"Nitaongeza hela."

"Haifidii."

"Mimi natoa kwa moyo, baba. Sina kinyongo."

"Nakuamini," alisema Bwana Chediel, na kwa kweli alimwamini. "Lakini moyo sijapewa kifaa cha kuupimia. Nimepewa rula."

Akamrudishia fedha, na juu yake akaweka tiketi ya kuhudhuria Darasa la Ukunjufu.

*

Darasa lilifanyika katika ukumbi wa zamani wa Ghala, ambao bado ulinuka mahindi. Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu aliyewahi kusaidia kung'oa meno. Wanafunzi walikuwa watu wa kila namna: mama aliyefiwa na mwana, karani ambaye hajaona mshahara, wazee wawili waliobomolewa nyumba kwa kosa la nyumba nyingine, na bwana mmoja aliyevimba shavu kwa jino.

"Siri iko kwenye hiriki, ile ya kutia kwenye chai," alisema mwalimu. "Ukisema hiriki, mdomo unafunguka wenyewe. Tuseme wote!"

"Hirikiii," walisema wafiwa.

"Tena!"

"Hirikiii."

Mmoja baada ya mwingine walihitimu. Bwana mwenye jino alikuwa wa kwanza, kwa sababu maumivu yalimvuta mdomo hadi karibu na masikio na rula haikumtosha. Yule mama aliyefiwa naye alihitimu. Alitoka nje ya ukumbi na tabasamu lake amelibeba vile vile, akiogopa kulidondosha kabla hajafika dirishani.

Nakiete alisema hiriki kama wenzake. Mdomo ulifunguka. Mwalimu alimzunguka, akamtazama huku na huku.

"Mama, mdomo umecheka," alisema hatimaye, "lakini macho hayajapata taarifa."

"Nitayaambia," alisema Nakiete, naye hakuwa anatania.

Nambua alipoona hivyo alilichukua jambo mikononi mwake. Alimtekenya kwapani, Nakiete alinyanyua mkono kumrahisishia. Alimsimulia habari za mchungaji aliyekaa juu ya pasi. Nakiete aliuliza kama kanzu iliungua. Mwisho Nambua akakosa cha kusema, akasema lililokuja.

"Unakumbuka Sangiwa alivyokuwa akiimba? Ile siku ya harusi ya binti yangu, alipoipokonya kwaya wimbo, na mbwa wa jirani wote wakaitikia?"

 Mikono ya Nakiete ilikuwa ndani ya beseni la sabuni, haisogei.

"Aliimba vibaya sana," alisema.

Nambua alisubiri. Hapakuwa na kingine. Akaingiza mikono yake naye katika beseni, wakaendelea kufua. Juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

*

Ndipo ikatangazwa Siku ya Taifa ya Ukunjufu. Katika maandalizi, mtu fulani wizarani alikumbuka kwamba swali lililoleta ukombozi liliulizwa na dobi. Gari lilikuja kumchukua Nakiete. Lilikuwa jeusi, na dereva alitabasamu njia nzima kwa amri.

Njiani Bwana Chediel, aliyeketi kando yake, alimnong'oneza. "Mama, hii ndiyo nafasi yako. Ukicheka mara moja tu mbele ya Waziri, kibali unacho leo hii. Nimekwisha kiandika. Bado muhuri."

"Asante, baba."

"Fikiria kitu kizuri."

Nakiete alijaribu. Alifikiria shuka jeupe likipepea kwenye kamba. Lilikuwa zuri. Akalitazama moyoni mwake mpaka wakafika, na uso haukutikisika.

Uwanja ulikuwa umejaa watu wanaosema hiriki. Waziri alimshika mkono akampandisha jukwaani.

"Huyu," alinguruma kwenye kipaza sauti, "ndiye Mama wa Swali! Alikuja kwetu amefungwa, leo yuko huru! Mama, toa sadaka yako, halafu uwaambie wananchi furaha uliyo nayo!"

Nakiete alifungua pindo la kanga, akashika fedha zake mkononi. Alitazama watu, akatazama kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi naomba tulazimishwe."

Tabasamu la Waziri lilibaki pale pale, kwa kuwa lilikuwa limefunzwa vizuri, ila macho yake yalitafuta walinzi. "Unasemaje, mama?"

"Naomba ile ya zamani. Zamani Bwana Chediel alikuwa anakuja, anachukua hela, uso ananiachia. Nilikuwa naruhusiwa kununa. Sasa kaburi la mume wangu litasawazishwa kwa sababu sijacheka." Alisema polepole, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza doa liko wapi kwenye nguo. "Sikatai kutoa. Hela hii hapa. Nimejaribu hiriki, haikuja. Kama kutoa ni lazima, nilazimisheni, nitoe nikiwa hivi nilivyo. Na kama si lazima, basi niacheni hivi nilivyo."

 Kisha mtu mmoja, mbali kule nyuma, akacheka. Hakumcheka yeye. Alicheka kama mtu aliyekuwa amebanwa na kiatu siku nyingi akakivua. Akafuata wa pili, wakafuata kumi, uwanja wote ukacheka, watu wakashikana mabega, wengine machozi yanawatoka, na hakuna hata mmoja aliyesema hiriki.

Sheria ni sheria. Wakaguzi walipoona nyuso kunjufu kiasi kile walipitisha vikapu haraka, na siku hiyo Wizara ilikusanya kuliko siku yoyote katika historia ya taifa. Katika uwanja mzima ni mtu mmoja tu ambaye sadaka yake haikukidhi masharti. Bwana Chediel mwenyewe ndiye aliyemrudishia fedha kiganjani, akamfunga vidole, akageuka upande.

Waziri naye aliinama kwa katibu wake, meno yote yakiwa nje. "Unda Tume," alisema. "Ichunguze kama Mkristo wa leo analazimika kutolazimika."

*

Nakiete hakupewa gari la kurudi. Alitembea, na miguu ikampeleka makaburini. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Mzee Kajiru, mchimba kaburi, alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kaburi la Sangiwa, jembe magotini. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nimeambiwa nilisawazishe leo. Mvua imeanza."

"Haya."

"Nilikuwa napumzika kwanza."

Nakiete aliona kwamba jembe lilikuwa kavu, halijagusa udongo. Aliona pia kwamba yule mzee alisimama kwa kuuegemea mpini, na mashavu yake yalikuwa yamebonyea.

"Leo umekula, mzee?"

Mzee Kajiru alicheka kidogo, kwa aibu. "Wachimba kaburi tulikuwa tunalipwa na Ghala. Ghala halipo. Nimekwenda Ukunjufu, wameniambia jina langu liko Ghala." Akatazama jembe. "Na nyumbani yuko mgonjwa."

Nakiete alifungua pindo la kanga. Hakuhesabu, wala hakugawa kwa kumi wala kwa tano. Alizitoa zote kama zilivyokuwa, zimekunjamana na zina unyevu wa kiganja, akaziweka mkononi mwa yule mzee. Mzee Kajiru alizipokea akiwa ameinamisha kichwa, macho kwenye udongo, akazisukuma mfukoni. 

Akashika jembe. Lakini badala ya kusawazisha, alianza kuvuta udongo wa pembeni na kuupandisha juu, pigo kwa pigo. Nakiete aliingia upande wa pili, akaushindilia kwa miguu. Tuta likawa kubwa, kubwa kuliko lilivyokuwa siku ya mazishi.  Nakiete hakusikia furaha, wala uchungu hakuusikia. Alisikia miguu imezama kwenye udongo, na mvua ni ya baridi, na hilo la mvua alilisikia vizuri.

Habari ikafika wizarani, maana katika nchi ile habari hazikosi mbebaji. Kumpa mtu kitu nje ya dirisha hakukatazwi, ila sharti kukaguliwe. Asubuhi Bwana Chediel alifika kwa Mzee Kajiru na kofia yake na rula yake, akamkuta mlangoni anapekecha ugoro.

"Mzee, nasikia yule dobi alikupa fedha."

"Alinipa."

"Alipokuwa anatoa, alikuwa mkunjufu?"

"Sikumtazama usoni."

"Hukumtazama!" Bwana Chediel aliketi kwenye kigogo kana kwamba amechoka ghafla. "Sasa, mzee wangu, mtu hana uso, hana risiti, hana kiwango. Wewe unajuaje kwamba alitoa?"

Mzee Kajiru alifikiri, kwa sababu alikuwa ameulizwa kwa adabu.

"Tulikula," alisema.